Maili Tano za Kinangop: Nani Aliyesema Loitokitok Haikuwa na Sherehe?

Mgeni anayeuliza ni tukio gani la kuhudhuria Loitokitok ataelekezwa upesi kwenye Olimpiki ya Wamaasai, michezo inayofanyika katika hifadhi ya Kimana, kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro. Maelezo anayopewa hayabadiliki sana: vijana waliokuwa wakithibitisha ujasiri wao kwa kuua simba sasa wanakimbia mita 800, wanarusha mkuki na rungu, wanashindana kuruka juu, na medali imechukua nafasi ya mawindo. Mara nyingi michezo hiyo huorodheshwa kama tamasha la kila mwaka. Hilo ni kosa, ingawa dogo, kwa kuwa tangu ilipoanza mwaka 2012 mpango wake umekuwa wa kila baada ya miaka miwili. Kosa linalostahili makala nzima ni dhana iliyojificha nyuma ya maelezo yenyewe, kwamba kabla ya 2012 nyanda hizi hazikuwa na mkusanyiko mkubwa wa watu wenye tarehe, maandalizi, viongozi na sheria zake, ila uwindaji wa simba tu, na kwamba sherehe ni kitu kilicholetwa Loitokitok na mashirika ya uhifadhi. Dhana hiyo haina msingi katika historia. Sherehe kubwa za Wamaasai ziliwahi kuwa jambo la dola, likajadiliwa na watawala na kuandikwa katika mkataba, na ushahidi wake umekuwa mikononi mwetu kwa zaidi ya miaka 100.

Ushahidi huo ni Mapatano ya Agosti 1904 kati ya serikali ya Uingereza na viongozi wa Wamaasai. Wanafunzi wetu hufundishwa sehemu yake moja tu, nayo ni kuhamishwa kwa Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, na kugawanywa katika maeneo mawili, Laikipia kaskazini na hifadhi ya kusini, ili reli na walowezi wapate nafasi. Hayo ni kweli na yanajulikana. Kisichosomwa ni kifungu kinachosema kwamba kipande cha ardhi kisichopungua maili tano za mraba, kwenye miteremko ya Kinangop, kitatengwa ili Wamaasai waendelee kufanyia humo tohara na sherehe zao kwa mujibu wa mila. Mahali penyewe palitakiwa paonyeshwe na wazee wao, akiwemo Parsaloi ole Gilisho, ambaye nyaraka za Kiingereza humwita Legalishu. Upande mmoja wa meza alikuwapo Kamishna Donald Stewart, na upande wa pili laiboni (kiongozi wa kiroho) Lenana pamoja na wawakilishi wa wamorani na wazee. Watu waliokuwa wakipoteza malisho yao bora, wenye nafasi finyu sana ya kudai chochote, walidai uwanja wa sherehe. Maili tano za mraba ni ekari 3,200. Haiwezekani kusoma kifungu hicho kisha ukaendelea kuamini kwamba sherehe kwa Wamaasai zilikuwa ngoma za kupitisha muda.

Mwaka 1911 serikali ilivunja ahadi yake kuhusu Laikipia. Walowezi walikuwa wameyatamani malisho ya huko pia, na mapatano mapya ya Aprili mwaka huo yakaamuru Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini. Serikali ilidai kwamba Lenana, aliyefariki mwezi mmoja kabla, aliwausia watu wake wakubali kuhama. Wosia huo umetiliwa shaka na wengi, na mwanahistoria Lotte Hughes, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu uhamisho huo, ameonyesha jinsi ulivyowafaa mno waliousimulia. Watu takriban 10,000 na ng'ombe wapatao 175,000, pamoja na kondoo zaidi ya milioni moja, waliswagwa kuelekea kusini. Lakini hata katika mapatano hayo ya 1911, yaliyofuta karibu kila kitu, kifungu cha Kinangop kilibaki. Yalitamka wazi kwamba hakuna lolote ndani yake litakalowanyima Wamaasai haki waliyowekewa mwaka 1904 juu ya ardhi ya tohara na sherehe. Laikipia ilikwenda, Naivasha ilikwisha kwenda, na bado uwanja wa sherehe ukabaki kwenye karatasi.

Ulibaki kwenye karatasi tu. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ol le Njogo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, na mwaka 1913 ikatupwa. Mahakama haikusema kwamba Wamaasai hawakudhulumiwa. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba kati ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama za eneo hazina uwezo wa kuyaamua. Uamuzi huo ulikuwa wa ajabu: serikali iliyowatawala watu hawa kwa amri iliwatambua kuwa taifa la kigeni kwa muda uliotosha kuwafungia mlango wa haki. Kinangop ikawa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu, na baada ya uhuru mashamba yake yakagawiwa katika mipango ya makazi. Inafaa kukumbuka hapa kwamba Wamaasai walikuwa taifa lenye mkataba mbele ya mahakama hiyohiyo, na kwamba miongoni mwa mambo machache ambayo taifa hilo liliyataka yaandikwe ni mahali pa kukutanikia.

Msomaji makini atauliza Kinangop ina uhusiano gani na Loitokitok, maana miteremko ya Nyandarua na miteremko ya Kilimanjaro zimetenganishwa na mwendo mrefu, na waliohamishwa kutoka Laikipia walikuwa hasa Wapurko, wakati wenyeji wa Loitokitok ni Wakisongo. Ni swali la haki. Jibu la kwanza ni kwamba utaratibu wa marika unaunganisha sehemu za Wamaasai, kila moja ikiwa na zamu yake. Paul Spencer, aliyeandika kwa kina juu ya Wamatapato wa Kajiado katika kitabu cha 1988, na Alan Jacobs kabla yake, wanaeleza kwamba Wakeekonyokie ndio wanaotangulia kwa sherehe ya kushika pembe ya fahali inayofungua rika jipya, na Wakisongo ndio wanaotangulia katika Olng'esherr, sherehe inayowaingiza wamorani katika uzee na kulipa rika jina lake la kudumu. Kwa maneno mengine, jamaa za watu wa Loitokitok ndio wenye kauli ya mwisho. Majina kama Ilterito, Ilnyangusi na Iseuri, ambayo wazee wa Kajiado hadi leo huyatumia kuhesabu miaka yao, yamepita katika mikono ya Wakisongo. Jibu la pili ni mpaka. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalichora mstari uliopita kaskazini mwa Kilimanjaro na kuwaacha Wakisongo wengi upande unaoitwa leo Tanzania, huku Loitokitok ikibaki Kenya. Mkusanyiko wa rika la Wakisongo ni mkusanyiko unaovuka mpaka wa nchi mbili, nao ulikuwapo kabla ya nchi zote mbili.

Kwa nini basi sherehe hizi hazimo katika orodha za matukio? Sababu kuu ni kalenda. Orodha hupangwa kwa mwezi na mwaka, nazo sherehe hizi hufuata rika. Enkipaata huwaandaa wavulana kwa tohara. Eunoto hufanyika miaka kadhaa baadaye, wamorani wanaponyolewa nywele zao ndefu na kuruhusiwa kuelekea maisha ya ndoa. Olng'esherr huja mwisho. Kutoka moja hadi nyingine huweza kupita miaka mingi, na hata mwaka ukishakaribia, tarehe husubiri mvua, nyasi, hali ya mifugo na ushauri wa laiboni. Ukame ukiingia, sherehe huahirishwa. Wapo wanaosema kwamba huu ni upungufu, na kwamba utamaduni usiokuwa na tarehe hauwezi kuvutia wageni wala kuingiza mapato. Hoja hiyo sina subira nayo. Michezo ya Olimpiki yenyewe, ile ya dunia, huja mara moja kwa miaka minne, na hakuna anayeihesabu kuwa na kasoro.

Sababu ya pili ndiyo inayonishughulisha zaidi: sherehe hizi zinahitaji ardhi, na nyingi. Eunoto haifanyiki katika ukumbi. Hujengwa manyatta maalumu, kwa desturi ya nyumba 49, na akina mama wa wamorani huhamia humo pamoja na sehemu ya mifugo yao. Spencer anaeleza kwamba kwa Wamatapato wamorani huenda hata kuwachukua mama zao kutoka bomani kwa waume zao, jambo linaloonyesha jinsi manyatta ilivyo mji wenye mamlaka yake kwa kipindi chake. Hujengwa osinkira, nyumba kubwa ya ibada. Huchaguliwa olotuno, kijana anayebeba jukumu zito la kuwa mfano wa rika zima. Mama ndiye anayemnyoa mwanawe. Jumla ya yote hayo ni mamia ya watu na maelfu ya mifugo wanaohitaji maji, malisho, kuni na njia za kupitia, kwa miezi, mahali ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni pake. Ukilielewa hili, utaelewa pia kwa nini wazee wa 1904 hawakuomba ahadi ya kuheshimiwa kwa mila zao. Waliomba maili za mraba.

Nitaje hapa chanzo ambacho wasomaji wa Kiswahili wangepaswa kukijua kuliko watu wengine wote. Mwaka 1905 Claude Hollis alichapisha kitabu kikubwa kuhusu lugha na simulizi za Wamaasai, chenye maelezo kwa Kimaasai chenyewe kuhusu desturi zao, Eunoto ikiwemo. Mmoja wa waliomwezesha kukiandika alikuwa Justin Lemenye, aliyezaliwa kwa jina la Sameni ole Kivasis, akalelewa na kusomeshwa katika mazingira ya misheni huko Taveta, kusini-mashariki mwa mlima Kilimanjaro. Lemenye baadaye aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na Eagle Press ikayachapisha mwaka 1953. Kwa hiyo miongoni mwa masimulizi ya mapema ya mtu wa jamii za Kimaa kuhusu maisha yake, lipo la Kiswahili, na limeachwa likusanye vumbi huku tukinukuu wasafiri waliopita siku chache. Utangulizi wa kitabu cha Hollis uliandikwa na Charles Eliot, Kamishna aliyetangulia Stewart, ambaye hakuficha kwamba angependa kuona mfumo mzima wa maisha ya Wamaasai ukitoweka. Kuna waandishi ambao bado wanamtumia Eliot kana kwamba ni shahidi asiye na upande. Mtu aliyetaka jambo life hawezi kuaminiwa kueleza thamani yake, na juu ya suala hili maneno ya Lemenye yana uzito kuliko ya Kamishna.

Miaka ya ukoloni iliyofuata ilikuwa ya kuzibana manyatta za wamorani, kwa kuzihesabu kuwa vyanzo vya fujo, na Jamhuri haikuja na mtazamo tofauti sana. Badiliko lililogusa sherehe kwa undani zaidi lilikuja kimyakimya kupitia hati miliki. Sheria ya 1968 ya wawakilishi wa makundi ilizaa zile zinazoitwa hadi leo group ranch: Kimana, Kuku, Rombo, Imbirikani na Olgulului-Ololarashi, iliyoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Amboseli karibu kote. Kwa muda, ardhi ilibaki ya pamoja. Kisha ugawaji ukaanza. Kimana iligawanywa kwa wanachama wake, takriban ekari 60 kwa kila mmoja, na penye maji ya kumwagilia pakalimwa nyanya na vitunguu. Olgulului-Ololarashi nayo imeingia katika mjadala huohuo. Siwalaumu waliotaka hati. Aliyeona Kinangop ikichukuliwa kwa sababu haikuwa na mwenye jina ana kila sababu ya kutaka jina lake liandikwe. Lakini hesabu ni hii: ule uwanja wa sherehe wa 1904, kwa kipimo cha Kimana, ni mashamba ya watu zaidi ya 50. Manyatta ya nyumba 49 na mifugo yake haiwezi kukaa katika ekari 60 zenye waya wa stima pande zote.

Katika mazingira hayo ndipo Olimpiki ya Wamaasai ilipozaliwa, na ninataka kuitendea haki. Wazee wa eneo hili walijua kwamba uwindaji wa simba ulikuwa umefikia mahali pabaya. Fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyama ilianza Imbirikani mwaka 2003, na mpango wa kuwatumia wamorani kama walinzi wa simba ulianza mwaka 2007. Michezo iliyofuata, kwa ushirikiano na shirika la Big Life, na ikiwa na mwanariadha David Rudisha kama mlezi wake, iliongeza kitu ambacho fidia haiwezi kukileta: heshima ya hadharani mbele ya marafiki, wasichana na wazee. Manyatta hushindana na manyatta, na wasichana wana mbio zao. Anayeidharau kama maonyesho ya watalii hajaona umati wa wenyeji unaoijaza Kimana. Ninachokataa ni kuiita mrithi. Kuua simba kulikuwa tendo moja ndani ya maisha ya umorani, na michezo imechukua nafasi ya tendo hilo, na ni heri. Haikuchukua nafasi ya Eunoto, haimnyoi mtu, haimwingizi katika uzee, wala hailipi rika jina. Tena michezo yenyewe inategemea uwanja, na Kimana ina uwanja kwa sababu hifadhi ya jamii ilitengwa huko mwaka 1996. Pale ambapo ardhi ilitengwa, mkusanyiko umewezekana.

Pingamizi zito zaidi linahusu wanawake, na halijibiwi kwa kulikwepa. Sherehe tatu nilizozitaja ni za wanaume, ingawa wanawake ndio wanaojenga nyumba zake na kuzifanya zikalike. Na sambamba nazo ilikuwapo tohara ya wasichana, ambayo sheria ya Kenya ya 2011 imeipiga marufuku na ambayo hakuna heshima kwa mila inayoweza kuitetea. Lakini hapahapa Loitokitok pamepatikana jibu ambalo historia ya sherehe inapaswa kulirekodi. Nice Leng'ete, aliyekulia karibu na Kimana na kutajwa na jarida la TIME mwaka 2018 miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi duniani, alifanya kazi na shirika la Amref kuwashawishi wazee na wamorani wakubali sherehe mbadala, ambazo wasichana hufunzwa, hubarikiwa na kupokewa bila kukatwa. Jambo la kuzingatia ni njia iliyotumika. Ukatili uliondolewa na mkusanyiko ukabaki, na wazee wenyewe wakashiriki kubariki. Wale wanaodai kwamba mila za Wamaasai ama zibaki zilivyokuwa ama zife, kutoka pande zote mbili za mjadala, wana mfano wa kuwapinga kilomita chache kutoka mjini.

Wengine watasema kwamba ibada za kupita rika si matamasha, na kwamba kuziweka katika makala ya matukio ni kuzifungulia kamera. Nakubali nusu. Zipo hatua ambazo mgeni hana kazi nazo, na aliyealikwa huketi pale anapoonyeshwa. Ila usiri kamili haukuwahi kuwapo. Eunoto ni tendo la hadhara ambalo thamani yake hutokana na kushuhudiwa. Septemba 2020, katika vilima vya Maparasha hapa Kajiado, wanaume wapatao 15,000 kutoka Kenya na Tanzania walikusanyika kwa Olng'esherr, na vyombo vya habari vya dunia vikataja fahali 3,000 na mbuzi na kondoo 30,000. Ulikuwa mwaka wa korona, nao walikuja.  Miaka miwili kabla, UNESCO, ikikutana Port Louis, ilikuwa imeziingiza Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tangu 2023, ilipofanyika Sekenani, upo pia mkutano wa utamaduni wa jamii za Kimaa. Yote hayo ni mema, na yote yanahusu kutambuliwa. Kutambuliwa kulipatikana pia mwaka 1904, kukathibitishwa mwaka 1911, na ardhi ikaenda.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya maeneo ya kitamaduni na kidini, pamoja na makazi, malisho na uhifadhi. Katika ranchi ambazo ugawaji haujakamilika kuzunguka Loitokitok, wazee, wanawake na vijana wenye kura katika mikutano ya wanachama wanaweza kudai uwanja wa manyatta uchorwe kwenye ramani kabla ya kura za viwanja kupigwa, wenye maji na njia za mifugo, na usajiliwe kwa jina la jamii. Kaunti ya Kajiado ina wajibu wa kugharamia upimaji wake. Maili tano za mraba zingetosha, na wazee wa 1904 walikwisha kutupa kipimo.